Shetani Kama Kiima: Uhakiki wa Kauli "Shetani Alinipitia" na Wajibu wa Mwanadamu kwa Dhambi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala hii inahakiki kauli "shetani alinipitia" kama inavyotumika miongoni mwa Wakristo wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Imani ya Kikristo inafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba Shetani ni mdanganyifu, na kwamba mwanadamu anawajibika kwa dhambi yake. Kauli hii huonekana kukiri jambo la kwanza huku ikilifuta la pili. Kwa kuchunguza muundo wake wa kisarufi, kuulinganisha na masimulizi ya Biblia yanayomtaja mdanganyifu, na kuuweka mbele ya historia ya Ngara tangu mwaka 1994, makala inajenga hoja kwamba tatizo la kauli hii halimo katika kumtaja Shetani. Tatizo limo katika nani anayemtaja, na wapi sentensi inakatizwa. Ikitamkwa na mtenda, kauli huwa utetezi. Ikitamkwa na mtendwa, inaweza kuwa mlango wa msamaha.

1.0 Utangulizi

Wilaya za Ngara na Biharamulo zina historia ndefu ya mahubiri juu ya dhambi. Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana yenye makao yake Murgwanza, Walutheri na makanisa ya Kipentekoste yote yanafanya kazi katika eneo hili. Aidha, eneo hili lilipitiwa na wimbi la Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao chimbuko lake ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930. Watu wa uamsho huo, waliojulikana kwa jina la Balokole, walitambulikana kwa jambo moja kuliko mengine yote: kuungama hadharani. Aliyeokoka alisimama mbele ya wenzake, akaitaja dhambi yake kwa jina, na mara nyingi akarudisha alichoiba au kulipa deni alilolikana.

Pamoja na urithi huo, msikilizaji wa leo katika barabara, mabaraza ya kata na nyumba za ibada hukutana mara kwa mara na kauli ya namna nyingine. Mume aliyempiga mkewe, karani aliyetumia fedha za kikundi, kijana aliyeshiriki kuteka gari katika misitu ya Biharamulo, wote wanaweza kujieleza kwa maneno yaleyale: "shetani alinipitia." Kauli hii haikuzaliwa Kagera, ni mali ya wasemaji wa Kiswahili wote, Wakristo kwa Waislamu. Lakini katika eneo ambalo kuungama kwa nafsi ya kwanza kulikuwa alama ya wokovu, na ambalo baadaye lilipokea mamia ya maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya kimbari, wakiwamo waliouawa jamaa zao na waliowaua, kauli hii inastahili kuhakikiwa kwa makini zaidi kuliko kwingineko.

Uhakiki huu hauhukumu kama Shetani yupo au hayupo. Unaichukua imani ya Kikristo kama inavyojieleza yenyewe katika maandiko yake, kisha unauliza: je, imani hiyo inairuhusu kauli hii?

2.0 Muundo wa Kauli

Neno "alinipitia" lina viambishi vinavyobeba hoja nzima. Kiambishi a- kinawakilisha kiima, nafsi ya tatu umoja, ambaye ni Shetani. Kiambishi -li- ni cha njeo iliyopita. Kiambishi -ni- ni yambwa, nafsi ya kwanza umoja, yaani msemaji. Mzizi ni -pit-, unaofuatwa na -i- ya kauli ya kutendea na irabu tamati -a. Hivyo basi, msemaji yumo ndani ya neno, lakini amekaa katika nafasi ya yambwa. Yeye ni aliyetendewa. Mtenda ni mwingine.

Mambo matatu yanajitokeza katika muundo huu. La kwanza, tendo lenyewe halitajwi. Kauli haisemi nilipiga, niliiba wala niliua. Kitenzi pekee kilichopo ni cha kupita. Msikilizaji ambaye hakuwapo hawezi kujua kutokana na kauli hii nini kilitendeka na nani aliumizwa. La pili, aliyeumizwa hayumo kabisa. Sentensi ina washiriki wawili tu, Shetani na msemaji, na katika uhusiano wao msemaji ndiye mhanga. Mke aliyevunjwa mkono amefutwa, na nafasi yake imechukuliwa na yule aliyemvunja. La tatu, kitenzi kilichochaguliwa ni kitenzi cha mwendo. Anayepita hakai. Wakati kauli inatamkwa, mtenda amekwisha kwenda zake, hivyo hakuna wa kukamatwa wala wa kuulizwa. Kilichobaki mbele ya baraza ni njia aliyoipita.

Inafaa kuilinganisha kauli hii na ungamo la Balokole. Ungamo hilo lilitaka kitenzi chenye kiima cha nafsi ya kwanza, shamirisho linalotaja kilichotendwa, na kwa kawaida jina la aliyekosewa, kwa kuwa muungamaji alipaswa kwenda kwake. Hali kadhalika, katika Misa ya Kikatoliki, sala ya kuungama humfanya mwamini apige kifua na kurudia mara tatu, kwa nafsi ya kwanza, kwamba kosa ni lake. Liturujia hiyo haimpi nafasi ya kusema ni la mwingine.

3.0 Sentensi Iliyokatizwa: Mwanzo Sura ya 3

Mtetezi wa kauli "shetani alinipitia" anaweza kusema kwamba kauli hiyo ni ya kibiblia, kwa kuwa mwanamke wa kwanza aliitumia katika bustani ya Edeni. Dai hili lina uzito na linahitaji kujibiwa kwa kusoma matini yenyewe.

Kwanza, ifahamike kwamba sura ya 3 ya kitabu cha Mwanzo haimtaji Shetani kwa jina. Inamtaja nyoka. Kumtambua nyoka huyo kuwa Shetani ni usomaji wa Kikristo unaoegemea maandiko mengine, hususan Ufunuo 12:9, ambapo nyoka wa zamani, Ibilisi na Shetani vinakuwa majina ya mmoja. Makala hii inaufuata usomaji huo kwa kuwa ndio unaofundishwa katika makanisa ya eneo la utafiti.

Pili, kazi ya nyoka katika sura hiyo ni ya maneno matupu. Anauliza swali lililopindishwa, anakanusha onyo, na anaahidi ukuu. Hamshiki mwanamke mkono wala halichumi tunda. Kuanzia aya ya 6 msimulizi anabadilisha kiima: mwanamke anaona, anatwaa, anakula, anampa mumewe, naye mume anakula. Vitenzi vyote vya tendo ni vya wanadamu. Aidha, mume hasimuliwi kuwa alizungumza na nyoka hata kidogo. Sura hii inaonyesha kwamba dhambi inaweza kutendeka kwa udanganyifu wa moja kwa moja, na inaweza pia kutendeka bila huo.

Tatu, na hili ndilo la msingi, majibu ya wanadamu wawili mbele ya Mungu yana sehemu mbili. Mwanamume anaanza na mwanamke aliyepewa. Mwanamke anaanza na nyoka aliyemdanganya. Lakini kila mmoja anamalizia jibu lake kwa kitenzi cha kula katika nafsi ya kwanza: nikala. Kiambishi -ka- katika neno hilo huonyesha mfuatano wa matukio. Hakisemi kwamba tukio la kwanza lililazimisha la pili. Nyoka alidanganya, kisha mtu alikula. Kati ya matukio hayo mawili pana nafasi, na katika nafasi hiyo mtu alikuwa na uchaguzi.

Kauli ya leo imeichukua sehemu ya kwanza ya jibu la Edeni na kuiacha ya pili. "Shetani alinipitia" inakatizwa mahali ambapo ingepaswa kuendelea: nikaiba, nikampiga, nikaua. Kwa maana hiyo, hata mwanamke wa Edeni, anayelaumiwa na wahubiri wengi kwa kujitetea, aliungama zaidi ya wanaomfuata. Na bado jibu lake halikumwondolea hukumu. Mungu hakumwambia kwamba amesema uongo kuhusu nyoka. Nyoka alihukumiwa kweli. Lakini mwanamke na mwanamume pia walihukumiwa, kila mmoja kwa sehemu yake. Tena wanadamu hao waliulizwa maswali, ilhali nyoka hakuulizwa lolote. Anayeulizwa ni yule anayeweza kujibu, na wajibu huanzia hapo.

4.0 Nani Husema: Daudi, Yuda na Anania

Ukiyafuatilia masimulizi mengine ya Biblia yanayomhusisha Shetani na kosa la mtu fulani, utaona mpangilio unaojirudia. Sentensi ambayo Shetani ni kiima chake hutamkwa na msimulizi, au na mtu anayemhukumu mkosaji. Haiwi utetezi unaokubaliwa kinywani mwa mkosaji.

Mfano ulio wazi ni wa Mfalme Daudi na sensa. Kwa mujibu wa 1 Mambo ya Nyakati 21:1, Shetani ndiye aliyemshawishi Daudi kuwahesabu Israeli. Lakini katika aya ya 8 ya sura hiyohiyo, Daudi anapozungumza mwenyewe, anasema kwamba yeye amekosa, na katika aya ya 17 anasisitiza kuwa yeye ndiye aliyetoa amri ya kuhesabu, akiwaombea watu ambao hawakuhusika. Msomaji anajua kuhusu Shetani. Daudi katika maneno yake hamtaji.

Hali ni hiyohiyo kwa Yuda Iskarioti. Luka 22:3 inasimulia kwamba Shetani alimwingia. Hata hivyo, katika Mathayo 27:4, Yuda anaporudisha fedha, anasema kwamba amekosa yeye. Mtu ambaye Biblia inasema wazi kwamba aliingiwa hakulitumia jambo hilo kujitetea.

Anania katika Matendo 5 anakamilisha mpangilio huu kwa namna ya pekee. Katika aya ya 3, Petro anamuuliza kwa nini Shetani amemjaza moyo. Katika aya ya 4, Petro huyohuyo anamuuliza kwa nini ameliweka jambo hilo moyoni mwake. Tendo ni moja na moyo ni mmoja, lakini viima ni viwili vilivyokaa bega kwa bega. Petro haoni mgongano. Kwake, kujazwa na Shetani na kuazimia mwenyewe ni maelezo mawili ya jambo moja, na la kwanza halipunguzi uzito wa la pili.

Waraka wa Yakobo 1:13-15 unaliweka jambo hili katika mfumo wa mafundisho: kila mtu hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, tamaa huchukua mimba na kuzaa dhambi. Katika aya hizo Shetani hatajwi. Anatajwa baadaye, katika sura ya 4:7, lakini huko anatajwa kama mtu anayekimbia akipingwa. Mafundisho haya hayapatani na picha ya mpitaji asiyezuilika.

5.0 Kudanganywa na Kupagawa

Sababu mojawapo ya kauli "shetani alinipitia" kupata nguvu ni kuchanganywa kwa dhana mbili ambazo Injili inazitenganisha. Dhana ya kwanza ni kupagawa. Mtu wa nchi ya Wagerasi katika Marko 5 haongozi mwili wake wala sauti yake. Yesu hamuulizi amefanya dhambi gani, wala hamtaki atubu, anamponya. Dhana ya pili ni kudanganywa. Aliyedanganywa anasikia, anapima na anachagua. Yeye ndiye anayeitwa kutubu. Ndiyo maana Yohana 8:44 inamwita Ibilisi baba wa uongo, na 2 Wakorintho 11:14 inasema hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Silaha ya mdanganyifu ni hoja, na hoja haina kazi kwa kiumbe asiyeweza kuikubali au kuikataa.

Katika huduma za maombezi zilizoenea nchini tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, mpaka huu umefifia. Husikika majina kama "pepo la ulevi", "pepo la uzinzi" na "pepo la hasira". Kila tabia imepewa mmiliki asiyekuwa mtu mwenyewe. Ushuhuda unaotolewa baada ya maombi ya namna hii una muundo tofauti na ule wa Balokole. Wa zamani alisema alichotenda na alichorudisha. Wa leo anasimulia kilichomshika na jinsi kilivyomtoka. Haidaiwi hapa kwamba maombezi hayawasaidii watu. Wengi wanayapata kuwa faraja ya kweli, na mlevi anayeacha pombe ni faida kwa nyumba yake. Linalohakikiwa ni kwamba, pepo likishatoka, deni la mtu halitoki pamoja nalo. Mke aliyepigwa bado yupo, na fedha za kikundi bado hazijarudi.

Inafaa kuongeza kwamba sheria ya nchi nayo inazijua tofauti hizi kwa lugha yake. Maradhi ya akili yanayomwondolea mtu uwezo wa kujua anachotenda ni utetezi katika Kanuni ya Adhabu. Kushawishiwa, peke yake, si utetezi. Ibada ya ubatizo nayo inakubaliana na msimamo huu: anayebatizwa, au wasimamizi kwa niaba yake, huulizwa kama anamkataa Shetani, naye hujibu kwa nafsi ya kwanza. Swali hilo lisingekuwa na maana kama mwanadamu hana uwezo wa kukataa.

6.0 Ngara Baada ya Aprili 1994

Hoja hizi zingeweza kubaki za darasani, lakini Ngara ilizikuta katika hali nzito kuliko zote. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Waliovuka walikuwa wengi wao wanyonge waliokimbia vita, lakini miongoni mwao walikuwamo walioua, na baadhi ya waliosimamia mauaji waliendelea kuwa viongozi kambini. Wakimbizi hao walirejeshwa kwao Desemba 1996. Wakimbizi wa Burundi waliendelea kuishi katika kambi ya Lukole kwa miaka mingi baadaye.

Katika shuhuda zilizokusanywa baada ya mauaji ya Rwanda, wapo watendaji waliosema kwamba Shetani aliwaingia au aliwadanganya. Wengi wao walikuwa Wakristo waliobatizwa, na baadhi ya mauaji yalifanyika makanisani. Hapa kauli tunayoihakiki inafikia mpaka wake. Sentensi inayomfuta aliyeumizwa ni kero inapohusu fedha za kikundi. Inapohusu wafu wa parokia nzima, inakuwa jambo lingine kabisa.

Mahakama zilizofuata zilijenga sarufi yake. Parokia ya Nyarubuye, mahali palipotendeka mauaji makubwa Aprili 1994, ilikuwa katika komyuni ya Rusumo, jirani na Ngara. Mkuu wa komyuni hiyo, Sylvestre Gacumbitsi, alivuka mpaka na kukaa Benaco. Alikana mashtaka, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani Juni 2004 kwa mauaji ya kimbari pamoja na makosa mengine, na rufaa ya Julai 2006 ikampa kifungo cha maisha. Sheria iliyoanzisha mahakama hiyo, katika kifungu cha 6, inaorodhesha aliyepanga, aliyechochea, aliyeamuru na aliyetenda kama watu wanaowajibika kila mmoja binafsi. Inasema pia kwamba kuamriwa na mkubwa hakumwondolei mtenda wajibu wake. Kwa kanuni hiyo, watu wa redio ya RTLM walihukumiwa mwaka 2003 kwa uchochezi, na ingawa rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza baadhi ya makosa na adhabu, msingi ulibaki. Kuwajibika kwa mchochezi hakukumwachia huru aliyemsikiliza akachukua panga.

Ulinganifu wa kanuni hii na Mwanzo sura ya 3 unastahili kuangaliwa. Katika matini zote mbili mdanganyifu anahukumiwa kweli, na udanganyifu wake unahesabiwa kuwa kosa kamili. Katika zote mbili aliyedanganywa anabaki na sehemu yake. Mahakama za gacaca nchini Rwanda, zilizofungwa mwaka 2012, zilikwenda mbali zaidi: anayekiri alitakiwa kueleza alichotenda, kuwataja alioshirikiana nao, na kuomba radhi. Kwa maneno mengine, sheria ilidai sehemu ya pili ya sentensi, ile inayoanza na nika-.

7.0 Urithi wa Wenyeji: Imana, Mauti na Ibilisi wa Mtu

Yawezekana kudhaniwa kwamba msisitizo huu wa wajibu ni wa kigeni, uliotoka kwa wamisionari na mahakama. Fasihi simulizi ya ukanda huu inaonyesha vinginevyo. Kihangaza kina ujirani wa karibu na Kirundi na Kinyarwanda, na Mungu huitwa Imana. Jina Shetani, kwa upande wake, liliingia kupitia Kiswahili kutoka Kiarabu.

Katika masimulizi yaliyorekodiwa Rwanda na Burundi, yenye matoleo mbalimbali, Imana alikuwa akimwinda Mauti, naye aliwaagiza watu wasitoke nje ili Mauti asipate pa kujificha. Bibi mmoja akatoka. Mauti, akiwa amechoka kwa kukimbizwa, akamwomba amfiche katika nguo yake, naye akakubali. Tangu hapo Mauti anaishi na wanadamu. Masimulizi haya, kama yale ya Edeni, yana mshawishi, agizo na mtu aliyelivunja. Lakini hapa Mauti hapiti. Anaomba, na anakaribishwa. Tendo la kumfunika ni la binadamu, na pengine lilifanywa kwa huruma, jambo linalolifanya kuwa zito zaidi. Mtu mwenye busara ya Kiswahili atakumbuka hapa methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako.

Methali nyingine inasema ibilisi wa mtu ni mtu. Methali hii haimkani Ibilisi. Inamwelekeza msikilizaji atazame alipo: katika jirani anayenong'ona, katika redio inayochochea, katika mganga anayeahidi utajiri kwa viungo vya binadamu. Mikoa ya Kanda ya Ziwa imeyajua matunda ya minong'ono hiyo, katika mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi na katika mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Aliyeagiza ana uso, na aliyetekeleza ana uso. Kauli "shetani alinipitia" huwaficha wote wawili kwa pamoja.

8.0 Kauli Katika Kinywa cha Aliyekosewa

Hata hivyo, uhakiki utakuwa wa upande mmoja kama utaishia kuilaani kauli hii. Ipo hali ambayo inafanya kazi njema. Mama ambaye mwanawe amemwibia mahindi anaweza kuwaambia majirani wanaotaka kumpiga: "Mwacheni, shetani alimpitia." Viambishi vimebadilika. Mahali pa -ni- pamekaa -m-, na msemaji sasa ndiye aliyekosewa. Mama hakani kwamba mahindi yameibwa, na wote wanajua nani kayaiba. Anachokataa ni kwamba mwanawe ni mwizi tu na si zaidi. Anamtenga mtu na tendo ili mtu aweze kurudi nyumbani.

Maandiko yana mifano ya namna hii. Msalabani, kwa mujibu wa Luka 23:34, Yesu ndiye anayewaombea watesi wake akisema hawajui wanalolitenda. Wao wenyewe hawakulisema hilo. Katika Mwanzo sura ya 45, Yusufu aliyeuzwa ndiye anayewatuliza ndugu zake kwa kusema Mungu ndiye aliyempeleka Misri. Katika sura ya 50, ndugu haohao wanapoomba msamaha, wanalitaja kosa lao kuwa kosa. Kama wangetangulia wao kusema kwamba Mungu ndiye aliyempeleka, maneno yaleyale yangekuwa tusi.

Kutokana na mifano hii, kanuni inaweza kutajwa. Kumtaja mdanganyifu ni haki ya aliyeumizwa kabla ya kuwa haki ya aliyeumiza. Ni zawadi, na mkosaji hawezi kujipa mwenyewe zawadi hiyo. Akijipa, anamnyang'anya mwenzake kitu cha pili baada ya kile cha kwanza.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba imani ya Kikristo, katika maandiko yake, inamchukulia Shetani kuwa mdanganyifu wa kweli bila kumwondolea mwanadamu wajibu. Kauli "shetani alinipitia" haipingani na imani hiyo kwa kumtaja Shetani. Inapingana nayo kwa kuacha kulitaja tendo, kwa kumfuta aliyeumizwa, na kwa kumweka mtenda katika nafasi ya yambwa.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, makatekista, wachungaji na wazee wa kanisa wanaosikiliza maungamo na kusuluhisha ndoa wasiikubali kauli hii kuwa jibu kamili. Wanapoisikia, waulize swali moja: "Akakupitia, nawe ukafanya nini?" Pili, walimu wa fasihi na sarufi katika shule za sekondari wanaweza kuitumia kauli hii kufundishia kiima na yambwa, kwa kuwa mwanafunzi ataona mara moja kwamba viambishi vinabeba haki na dhuluma za watu. Tatu, watafiti wa lugha za eneo hili wakusanye kauli zinazolingana nayo katika Kihangaza, Kishubi na Kisubi, ili ijulikane kila lugha inampa mkosaji nafasi gani katika sentensi ya kosa lake.

Jamii ambayo imeishi na wakimbizi wa pande zote mbili za mauaji, na ambayo bado ina kesi za vikongwe na za mabaraza ya ndoa, haiwezi kuchukulia suala hili kuwa dogo. Anayesamehe anahitaji kujua anasamehe nini na anamsamehe nani, na mambo hayo mawili lazima ayasikie kutoka kwa mkosaji mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza.